Kabati la Mgeni

Duka la zana lilikuwa limejaa pomoni, kila mteja akitaka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Fundi alikuwa amefuata mifuko ya mashine yake ya kufyonza vumbi. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri, futi ya kushonea ikining'inia shingoni, akimuuliza muuzaji dawa ya kutoa vumbi la mbao kwenye kitambaa cheupe.

"Dawa hiyo haipo, dada," muuzaji alisema. "Ungemwambia fundi wako apigie msasa nje."

"Rafu iko ukutani. Atoke nje na ukuta?"

Fundi akacheka. Hakuwa na desturi ya kucheka na watu asiowajua, wala na anaowajua, kwa kuwa hao walikuwa wachache.

"Unacheka nini wewe?" Mwanamke aligeuka. "Mapazia ya ukumbi mzima yameharibika!"

"Samahani, dada. Mimi nafanya kazi za ndani ya nyumba. Kwangu vumbi haligusi sakafu."

"Mafundi wote mnasema hivyo."

"Nijaribu. Ukiona chembe moja, nifukuze."

"Nitakufukuza kweli," akasema, na macho yake yalikuwa yameanza kucheka.

Alikuwa mshonaji wa mapazia, na sebule yake ndiyo ilikuwa kiwanda. Siku ya kwanza alitandika kitambaa cheupe pembeni mwa Fundi, makusudi kabisa, akakaa kwenye cherehani kumvizia. Fundi akachomeka bomba la mashine yake ya kufyonza kwenye msasa wa umeme. Mashine ile aliinunua ghali hata wenzake wakamwona hana akili. Ukiwasha msasa, nayo huwaka yenyewe. Ukiuzima, huendelea kuvuta kidogo, kisha hunyamaza. Kazi ilipokwisha, mwanamke akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akakitazama. Kiganja kilikuwa kisafi.

"Mashine yako ina adabu kuliko watu," akasema.

"Na wewe macho yako, Bi Mapazia, yanapima kuliko futi."

Jina likamganda tangu siku hiyo.

Sasa niseme ukweli kuhusu Fundi. Watu walimsifu kwa neno moja: "Hata hatukujua kama fundi alikuja." Sifa hiyo alirudi nayo kwenye chumba chake cha kupanga, akala peke yake, mashine imeegeshwa mlangoni kwa kukosa nafasi. Nyumba ngapi alizipendezesha, na hakuna hata moja iliyobaki na alama yake. Alikuwa mpweke, na alikuwa amezoea, jambo ambalo ni baya zaidi.

Bi Mapazia naye alizidi kumwita. Mara rafu za majora ya vitambaa, mara meza ya kukatia. Kazi zilipoisha, akapiga simu.

"Fundi, droo inalia."

Fundi akaja, akaivuta, akaisukuma. Kimya.

"Mbona hailii?"

"Jana ililia."

"Labda ilikuwa peke yake."

Bi Mapazia akageukia dirishani, akachelewa kugeuka tena. Kisha akaenda kuchemsha chai. Fundi alipotoka kunawa mikono, alimkuta amepiga magoti kando ya mashine, futi yake mkononi.

"Natafuta sindano," akasema haraka.

Wiki iliyofuata aliagiza kabati, na safari hii vipimo alivitoa yeye. Fundi akakuna kichwa.

"Halina rafu, halina kizingiti, na nyuma lina tundu la waya. Kabati la nini hili?"

"Kuna mgeni anahamia. Ana mzigo wake anaupenda kuliko watu."

"Mgeni wa kiume?"

"Wa kiume. Mbishi kidogo, lakini msafi."

Alisema huku anatabasamu. Mwanaume mwingine yeyote angeuliza swali la pili. Fundi aliinamisha kichwa akaendelea kukata. Aliliunda kabati lile vizuri kuliko yote, maana hakujua kufanya kazi mbaya, hata kwa ajili ya mwanaume mwenzake. Alipomaliza alifyonza kila kitu, mpaka nyuzi za chini ya cherehani. Chai hakuigusa.

"Hongera," akasema mlangoni.

Bi Mapazia alikuwa ameshika pini mdomoni, pazia zima mikononi. Mpaka azitoe, Fundi alikuwa ameshafika barabarani.

Simu iliita jioni ile, ikaita na kesho yake. Fundi aliitazama tu. Ujumbe ukaingia: "Fundi, kabati linalia." Akajibu moyoni: mgeni wako alibembeleze.

Jumapili moja asubuhi alijikwaa tena kwenye mashine pale mlangoni, akaapa kuitengenezea mahali pake. Akavaa shati la kazini, akapiga msasa wa mkono mbao za akiba, kisha akashika futi na penseli. Upana. Kimo, pamoja na bomba lililoviringishwa juu. Akaandika kwenye ubao kama kawaida yake, akaanza kuhesabu mbao zitakazohitajika, mara mkono ukasita. Namba hizi alizijua. Alishazikata. Bila kizingiti, kwa sababu ya magurudumu. Tundu nyuma, kwa sababu ya waya. Na sindano gani ile inayotafutwa kwa futi?

Akakaa chini sakafuni. Mtu aliyeishi kwa kupima hakuitambua mashine yake mwenyewe! Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Nina mafundi wengi siku hizi."

"Yule msafi."

"Ah, huyo. Huyo alisafisha mpaka akajifyonza na yeye mwenyewe."

"Bi Mapazia... mgeni amehamia?"

Cherehani iliyokuwa ikisikika ikanyamaza.

"Hajahamia. Alinipa hongera akaondoka."

"Mjinga huyo."

"Sana."

"Akija leo, atafunguliwa?"

"Aje na mzigo wake," akasema. "Bila mzigo simfungulii."

Alimfungulia akiwa na gauni jeusi la nyumbani, macho yamevimba. Fundi aliisukuma mashine mpaka kwenye kabati, ikaingia, mlango ukajifunga bila kelele. Wakabaki wawili, wakiutazama mlango.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Wewe huna magurudumu. Kaa popote, mpenzi."

Akamkumbatia, wakakaa hivyo muda. Walipoachana kidogo, Fundi aliona unga wa mbao wa shati lake umetapakaa kifuani mwa gauni jeusi. Akashtuka, akanyoosha mkono kufungua kabati.

Bi Mapazia akauegemea mlango kwa mgongo.

"Liache vumbi hapo," akasema. "Nimekaa na usafi vya kutosha."