Neno la Jichosauti

Jichosauti, mashine ya kliniki ya kupima wanyama, halikuhitaji hata dakika nzima. Mkono wake wa chuma ulipitisha kidude kidogo juu ya mbavu za paka, na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa binadamu yakachora ukutani picha ya kilichomo kifuani. Paka alikuwa ameachama mdomo, tumbo likipanda na kushuka kwa haraka.

"Anaitwa nani?" aliuliza Daktari Nsia Mrutu.

"Bwana Afya," alijibu Bibi Sikitu. "Alipohamia kwangu, panya wote walihamia Dodoma."

Nsia alicheka kidogo, kisha akamwonyesha picha. Mistari myeupe iliyoshuka kama mvua ilikuwa maji ya kwenye mapafu. Chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto, kilikuwa kimetanuka mara mbili ya kawaida. Zamani paka kama huyu angetibiwa pumu mpaka afe. Sasa ilijulikana palepale kwamba moyo ndio ulioshindwa kusukuma damu.

"Atapona?"

"Kupona hapana, bibi. Lakini nikimchoma dawa ya kukojoza, maji yatapungua, atapumua. Anaweza kukaa nawe mwaka, hata miwili."

"Huo mmoja unanitosha. Nyumbani tumebaki sisi wawili tu."

Nsia akaenda chumba cha pili kuchukua dawa. Nyuma yake Jichosauti likasema kwa upole, kama lilivyofundishwa kusema kila moyo ulipofikia hali ile: "Mgonjwa anateseka. Je, tumpumzishe?"

"Mpumzisheni, mwanangu," akajibu Bibi Sikitu. "Tangu juzi hajapata usingizi."

Kwa sheria, sauti ya mwenye mnyama ilitosha. Mkono wa chuma ukachoma sindano yake.

Nsia alisikia jibu lile akiwa mlangoni, akachelewa. Neno hilo, "kupumzisha", alilichagua yeye mwenyewe, miaka sita nyuma, walipokuwa wakilifundisha Jichosauti kuzungumza. Wenzake walitaka "kuua", yeye akaona ni kali mno kwa watu wenye majonzi.

Bibi Sikitu alikuwa akimpapasa paka masikioni. "Ona alivyotulia. Akiamka nitampa dagaa. Asante sana, daktari."

Nsia aliiweka mezani chupa ya dawa. Alitafuta neno laini, akakuta analo lilelile moja tu.

"Bibi," alisema, "haamki. Tumemuua."