Mume Wangu Aliikataa Mashine Nyepesi

Mume wangu aliinua mkono mbele ya kitanda changu, na mkono ule ndio ulionifanya kilema.

Nisomeni polepole. Msiniandikie "pole mama" hapo chini kabla hamjafika mwisho.

Nilikuwa nimelala chali. Mguu wa kulia umetundikwa kwa kamba, vyuma vizito vinaning'inia miguuni mwa kitanda kuuvuta mfupa. Kugeuka siwezi. Kukaa siwezi. Wajumbe wa kamati ya hospitali wamenizunguka, nami nawatazama kutoka chini kama maiti inayooshwa...

"Wanaotaka ile nyepesi?" mwenyekiti akauliza.

Daktari akainua mkono. Mjumbe mmoja naye akainua.

Nikamtazama Zahoro, mume wangu. Jana yake tu alikuwa ameniapia.

Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Na wanaotaka ile kubwa?"

Mwenyekiti akainua wake. Mwenzake akainua. Kisha Zahoro akainua wa kwake, na kura yake ndiyo iliyoamua.

"Zahoro," nikamwita.

Akatazama dirishani.

Sasa ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi naitwa Mwanatumu. Haya yalinipata mwaka wa sitini na tano, Uhuru ukiwa bado mbichi. Tulikuwa tunaishi Mwabungo, mimi na Zahoro, na Mungu alikuwa hajatujaalia mtoto. Zahoro alikuwa na duka dogo na maneno matamu. Watu walimpenda, wakamchagua mjumbe wa kamati ya hospitali. Hospitali yenyewe siitaji jina. Ilikuwa ndogo, huku huku pwani ya kusini.

Nilianguka kutoka darini nikiteremsha mahindi. Mfupa wa paja ukakatika.

Shida ilianzia hapo. Mashine ya eksrei ilikuwa kwenye chumba cha peke yake, ng'ambo ya uwanja wa mchanga. Kila Daktari Chengo alipotaka kuona kama mfupa unashika, ilibidi nifunguliwe kamba, nibebwe kwa machela, nipitishwe juani, nilazwe juu ya meza ya baridi.

Wabebaji walijitahidi, sitawasingizia. Lakini mmoja akizama mguu mchangani, mimi nausikia mfupa wangu ukisugua ndani ya nyama.

"Mfupa umetoka tena kwenye mstari, Bi Mwanatumu," daktari akaniambia.

"Nimefanya nini, daktari?"

"Hujafanya kitu. Ni hii safari ya kwenda na kurudi. Ukipigwa picha hapa hapa kitandani, utapona na kutembea vizuri."

Ndipo alipoiomba kamati itafute mashine ya kuja kitandani kwa mgonjwa.

Siku zote hizo aliyenihudumia alikuwa nesi mmoja, Dama, binti wa Kiduruma kutoka upande wa Kinango. Aliniogesha. Alinisuka nywele. Alinilisha uji nikishindwa kushika kijiko. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Wakala akaja kutoka Mombasa na lori, na mashine mbili, kamati ichague moja.

Zahoro alikuwa amenishika mkono akaniambia, "Nitachagua ile itakayokufikia wewe. Haki ya Mungu, Mwanatumu."

Ile nyepesi wakala aliibeba mwenyewe. Akaikunjua miguu yake kando ya kitanda changu, akaiinamisha juu ya paja. Mimi sikuguswa hata kidogo.

"Ila nguvu zake si nyingi," akasema. "Mionzi inachukua muda zaidi, na mtu lazima ashike kibao cha filamu hapa pajani. Kama kuna mjamzito, asogee mbali."

"Dama, shika wewe," daktari akasema.

Dama akakichukua kibao. Akasita. Akageuka kama anayetaka kwenda mahali...

Zahoro akamvaa mbiombio, akamnyang'anya kile kibao.

"Nitashika mimi. Huyu ni mke wangu."

Wodi nzima ikaguna kwa wivu. Bibi Mwero, mzee wa kitanda cha jirani, akaniambia, "Mwanangu, umepata mume."

Picha ilitoka safi. Nililia kwa furaha, jamani. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepigwa eksrei bila kuumia.

Ile kubwa iliwashiwa verandani, kwa sababu haikuweza kupanda kizingiti. Ilimetameta. Ilikuwa na mkono wake wa kushikilia kibao, na swichi yake ilikuwa na waya mrefu, mpigaji anasimama mbali. Picha inapigwa kufumba na kufumbua.

"Hii ndiyo mashine," mwenyekiti akasema. "Tumepata Uhuru halafu tuletewe kijisanduku?"

"Mwenyekiti, haitapita baina ya vitanda," daktari akasema.

Zahoro akakohoa. "Kizingitini tutajenga mteremko wa saruji. Na hii kubwa ni salama zaidi kwa wafanyakazi."

Wafanyakazi... Mimi mkewe nimening'inizwa pale, yeye anafikiria wafanyakazi.

Kura ikapigwa kama nilivyowaambia.

Mteremko ulijengwa kweli. Mashine ikaja, ikasukumwa, ikavuka mlango, na wodi ikapiga makofi. Kisha ikakwama. Haikuweza kugeuka baina ya vitanda. Wakaisukuma mbele, wakairudisha nyuma, mwisho wakaitoa na kuipeleka ng'ambo ya uwanja, ikae na ile ya zamani.

Nami nikafunguliwa kamba, nikabebwa tena.

Safari hiyo nilizimia kabla ya kufika. Nilipozinduka, Daktari Chengo alikuwa amekaa kwenye kiti kando yangu, kichwa chini.

"Mfupa umeanza kuunga vibaya," akasema. "Nikiuvunja upya naogopa kukupoteza. Tutauacha hivyo hivyo."

"Nitatembea?"

"Utachechemea."

Nilitaka kuondoka, miguu ndiyo hiyo. Nilitazama dari tu.

Asubuhi moja Dama alikuwa ananiogesha. Ghafla akaacha kitambaa, akainamia beseni, akatapika.

Bibi Mwero akamtazama. "Hiyo mimba, binti yangu."

Nikatabasamu. "Hongera, Dama. Baba yake nani?"

Alikamua kile kitambaa, akakikamua tena na tena hadi hakikuwa na tone.

"Dama?"

"Nisamehe, dada."

Watu wangu... moyo wangu ulijua kabla ya kichwa.

"Zahoro?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Anajua?"

"Nilimwambia siku chache kabla ya wakala kuja."

Sasa nikaelewa kwa nini alikinyang'anya kile kibao, na kwa nini aliinua mkono. Ile nyepesi ingekuja, mshikaji wa kibao kila mara angekuwa Dama. Mume wangu alikuwa amepima mguu wangu na tumbo la Dama, akachagua tumbo.

Mtasema, si alikuwa analinda mtoto? Hata mimi nilijaribu kufikiri hivyo. Mtoto hana kosa.

Lakini Dama hakuwa amemaliza.

"Dada, mimi sikumwomba. Kule chumba cha eksrei inaning'inia aproni ya madini ya risasi, nzito, inazuia mionzi. Siku ile nilikuwa naenda kuichukua, yeye akaniwahi. Ile ndogo ingekuja, ningekuwa naivaa, au ningemwomba mwenzangu ashike. Hakuniuliza hata mara moja."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka nisiuone uso wake tena. Lakini nilikuwa nimebanwa na haja tangu alfajiri, na hakukuwa na nesi mwingine wodini.

"Dama," nikasema, "naomba chombo."

Akaniinua kiuno kwa mikono ile ile, taratibu, mguu usitikisike. Tukalia wote wawili, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mchana Zahoro akaja na machungwa.

"Kwa nini hukuuliza kuhusu aproni?" nikamwambia.

Akajua kwamba nimejua. Akakaa.

"Ningeulizaje mbele ya wanaume wale? Wangesema, aproni ya nani? Ana nini huyo nesi? Wewe umejuaje?"

"Kwa hiyo ukaona heri mguu wangu."

"Nilidhani mteremko utatosha."

Alimenya chungwa, akaniwekea mkononi. Sikuwa na nguvu ya kulitupa.

Nilitoka hospitali na mguu mfupi. Nikaomba talaka, nikarudi kwa wazee wangu Waa. Zahoro akamwoa Dama, na ndugu zangu wakaapa kutompokea Dama mlangoni. Lakini alikuja, mtoto mgongoni. Akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, dada," akaanza kunikanda ule mguu bila kuulizwa. Nikamwacha. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Labda nilikuwa nimechoka tu kubeba chuki kwa mguu mmoja.

Basi somo langu ni hili, na nimelipata kwa mwili wangu. Miili iliyokuwa mbele ya mashine ile ilikuwa ya wanawake wawili, mimi niliyelala na Dama aliyetakiwa kushika kibao. Wanaume wale walibishana kuhusu nguvu, ukubwa na Uhuru. Hakuna hata mmoja aliyegeuka akatuuliza.

Mkikaa kuchagua kitu cha mgonjwa, muulizeni anayelala kitandani, kisha muulizeni anayemhudumia. Na wewe mwenye siri, ukiona itakuzuia kuuliza swali la haki, ondoka kwenye kikao kabla ya kura.

Zahoro hakuwa mkatili. Aliogopa kuaibika tu. Mimi ndiye ninayechechemea.