Televisheni Sita za Watu

Fundi Picha alikuwa na televisheni sita dukani, na hata moja haikuwa yake. Zote zilikuwa za wateja. Moja ilitoa picha ya kijani. Nyingine ilikuwa na sauti lakini haina picha. Nyingine ilijizima yenyewe kila baada ya dakika kumi, mpaka ipigwe kofi la mgongoni ndipo iwake. Fundi Picha alizitunza kama wagonjwa wake. Kila alipofunga duka alitia kufuli la juu, akatia kufuli la chini, kisha akavuta mlango mara mbili kuhakikisha. Akiulizwa mbona anajisumbua hivyo, alijibu kwamba hii ni mali ya watu.

Duka lake lilikuwa barabara ya pili kutoka baharini. Nyuma ya duka kulikuwa na vyumba viwili. Humo aliishi na mkewe na mama yake mzazi. Mkewe alikaa kwenye kaunta na kuandika risiti. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alishinda mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Magoti yalimsumbua, kwa hiyo alitembea na mkongojo. Lakini mdomo wake haukuwa na ugonjwa wowote. Hakuna mtu aliyepita pale bila kusalimiwa na kuulizwa swali moja au mawili.

Asubuhi moja, Fundi Picha aliwasha televisheni zote kwa pamoja ili azijaribu. Muziki uliokuwa ukipigwa ukakatika. Msomaji wa habari akatokea na kusema kwamba katika nchi moja ya mbali ardhi imetetemeka vibaya sana, na sasa bahari inapanda nchi kavu.

Kisha wakaonyesha bahari yenyewe.

Fundi Picha alizaliwa karibu na bahari. Alidhani anayajua mawimbi. Hili halikuwa wimbi la kujikunja na kuvunjika ufukweni. Lilikuwa maji meusi, mapana, yasiyo na mwisho nyuma yake. Yalikuja bila haraka, na hakuna kitu kilichoyazuia. Yalibeba mashua. Yalibeba magari. Nyumba nzima zilitoka mahali pake na kuanza kutembea, mapaa yakiwa bado juu yake.

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Baada ya muda mfupi duka lilijaa hadi barabarani. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni na hakuutoa. Bibi aliomba ageuziwe kiti, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni maji haya haya tunayoogelea?" aliuliza.

Mwanawe alimjibu kuwa ndiyo, ni maji haya haya.

Halafu ikaja picha iliyopigwa kutoka juu ya paa. Ilionyesha barabara nyembamba yenye maduka, na watu wakipanda ngazi kuelekea mlimani. Mzee mmoja mwenye koti la buluu alikuwa nyuma yao wote. Alikuwa akifunga duka lake. Alitia kufuli la juu. Akainama akatia la chini. Kisha akavuta mlango kuhakikisha. Maji yalikuwa yameshatokea mwisho wa barabara.

Duka zima lilipiga kelele, kana kwamba mzee angeweza kuwasikia. Walimwambia aache, atoke, apande. Fundi Picha alipaza sauti kuliko wote. Picha ikakatwa. Mpaka leo hakuna anayejua kama yule mzee alifika kwenye ngazi.

Kwa siku kadhaa mtaa haukuwa na habari nyingine. Wengine waliwaombea wale watu. Wengine walilia, ingawa hawakumjua hata mmoja wao. Simu nazo hazikupumzika. Ujumbe mmoja ulisambaa ukisema kwamba wimbi kama lile litafika hapa Ijumaa saa kumi jioni. Mama Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, aliusoma kwa sauti, akautuma kwa watu arobaini, kisha akafunga virago. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali. Siku ile hata yeye aliogopa.

Alhamisi, Bi Mita alikuja kuchukua redio yake. Huyu alifanya kazi bandarini. Kila siku alisoma nguzo yenye namba iliyosimama majini, akaandika bahari imepanda kiasi gani na imeshuka kiasi gani. Ndiyo maana akapewa jina hilo. Alimsalimu Bibi shikamoo, akaitikiwa, kisha mke wa fundi akamwonyesha ule ujumbe.

Bi Mita aliusoma akatikisa kichwa. Alieleza kwamba hakuna mtu duniani anayejua siku wala saa ambayo ardhi itatetemeka. Anayekutajia saa anakudanganya, au amedanganywa yeye kwanza. Ujumbe wa namna hiyo usiutume kwa mwingine. Uliza ofisi inayohusika.

"Basi tutajuaje?" mke wa fundi aliuliza.

"Ardhi yenyewe itakuambia," Bi Mita alisema. "Ikitetemeka kwa nguvu, au ikitetemeka kwa muda mrefu, na wewe uko karibu na bahari, usingoje king'ora. Usingoje simu. Kinga kichwa mpaka itulie, kisha panda juu kwa miguu. Ukiona bahari imerudi nyuma ghafla, ni hivyo hivyo. Usiende kutazama."

Aliongeza jambo ambalo Fundi Picha hakulijua. Wimbi haliji moja. Yanakuja kadhaa, pengine kwa saa nyingi, na la kwanza huenda lisiwe kubwa kuliko yote. Wengi hufa kwa sababu walirudi kuchukua kitu.

"Mahali pa juu karibu nanyi ni kwenye tangi la maji," alisema. "Pimeni mtatumia dakika ngapi. Msikisie. Pimeni."

Ijumaa saa kumi ilifika ikapita, na bahari ikabaki mahali pake. Mama Misumari alifungua duka bila kumtazama mtu usoni.

Jumapili familia ilifanya jaribio. Mkewe fundi aliandaa mfuko mmoja wenye maji, tochi, dawa za Bibi, vitambulisho na kitabu cha risiti. Kisha akasema, "Ardhi inatetemeka," akaanza kupiga picha za video kwa simu yake ili wajue muda. Majirani walitoka kuwacheka. Mmoja alimuuliza Bibi kama anakwenda kwenye mashindano ya mbio. Bibi alimjibu kuwa ndiyo, na ameshamshinda yeye aliyekaa.

Walifika kwenye tangi baada ya dakika ishirini na moja. Fundi Picha alisikitika. Alisema ni magoti ya mama, si kosa lake.

Mkewe hakubishana. Alimpa simu atazame.

Fundi Picha aliona duka lake kwenye kioo kidogo. Alimwona Bibi amesimama mlangoni na mkongojo wake, tayari kuondoka. Kisha akamwona mwanamume akichomoa waya, mmoja baada ya mwingine. Akafunika televisheni zote sita kwa shuka. Akatia kufuli la juu. Akainama akatia la chini. Akavuta mlango mara mbili. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na Bibi alikuwa bado amesimama pale pale.

Alimrudishia mkewe simu. Alikuwa amekwisha kumwona mtu akifanya hivyo, na alikuwa amempigia kelele. Aliona aibu.

"Ni mali ya watu," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," Bibi alisema. "Lakini mimi sitatangulia. Nimekuzaa, siwezi kupanda huku nikakuacha kule. Ukichelewa dakika kumi, tumechelewa wawili."

Jumatatu mkewe aliandika maneno mapya chini ya kila risiti: Ardhi ikitetemeka sana, tutaondoka na kuacha chombo chako. Hatutafunga mlango. Kila mteja alitakiwa kutia sahihi. Wengi walicheka, wakasaini. Mmoja alisema hii ndiyo mara ya kwanza kuona fundi anayetoa ahadi ya kukimbia.

Mama Misumari alikataa. Televisheni yake ilikuwa kubwa kuliko zote, na alikuwa ameitafutia fedha kwa miaka.

"Sisaini," alisema. "Ikipotea utajibu wewe. Kama unaogopa, tafuta kazi nyingine."

Fundi Picha aliipokea hivyo hivyo, bila sahihi. Neno lile lilimkaa moyoni.

Miezi mitano ilipita. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kipuri cha televisheni ya Mama Misumari kilikuwa kimefika mwishowe, na Fundi Picha alikuwa ameifungua, bisibisi mkononi. Meza ikatikisika. Akadhani ni lori. Kisha ukuta ukalia, na rafu ikaanza kucheza.

Aliingia chini ya meza ya kazi. Mkewe alimvuta Bibi wakaingia pia, wakashika miguu ya meza kwa mikono yote. Juu yao vitu vilianguka na kuvunjika. Mkewe alihesabu kwa sauti. Alifika sitini kabla ardhi haijatulia.

"Ni ndefu," alisema. "Twende."

Fundi Picha alisimama. Televisheni mbili zilikuwa zimeanguka. Nne zilikuwa nzima, na ile kubwa ilikuwa ukingoni mwa meza. Makufuli yalining'inia kwenye msumari wake. Mkono wake ulikwenda huko wenyewe. Kisha akamwona Bibi mlangoni. Bibi hakuwa akitazama bahari. Alikuwa akimtazama yeye, na hakuinua mguu.

Aliyaacha makufuli. Alishika mkono wa mama yake, mkewe akachukua mfuko, wakatoka. Mlango ulibaki wazi kabisa. Njiani waliwaambia wote waliowakuta wapande. Wale waliowacheka Jumapili ile sasa waliifuata njia ile ile, kwa kuwa waliwaona wakiipita. Magoti ya Bibi yaliuma, lakini hakusimama hata mara moja. Walifika kwenye tangi kwa dakika kumi na mbili.

Kutoka pale waliiona bahari ikiondoka.

Ilirudi nyuma taratibu, ikaendelea kurudi. Miamba ilitokea ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mashua zililala ubavu kwenye tope. Sakafu ya bahari ilibaki tupu, ikimetameta juani mbele ya watu mia mbili waliokuwa kilimani. Fundi Picha aliogopa, na bado hakuweza kuondoa macho.

Wimbi la kwanza lilipanda juu ya gati, likafunika barabara ya kwanza, kisha likashuka. Barabara ya pili ilibaki kavu. Fundi Picha aliona paa la duka lake, na aliuona mlango wake uliokuwa wazi. Ni pale chini tu, dakika chache. Angeshuka mbio, angefunga, angerudi. Aliinuka akapiga hatua mbili kuelekea njiani.

Nyuma yake alisikia mkongojo ukigonga chini.

Aligeuka. Bibi alikuwa ameinuka. Hakumkataza. Alikuwa amejishika kiuno, ameelekeza uso kwenye njia ya kushuka, naye amekwisha kupiga hatua yake moja.

Fundi Picha alirudi akaketi. Bibi naye akaketi.

Baada ya dakika ishirini lilikuja la pili. Lilikuwa pana, la rangi ya tope, na lilikuja bila haraka. Lilipita gati. Lilipita barabara ya kwanza. Liliingia barabara ya pili, likafika juu ya milango, na kutoka kwenye mlango mmoja uliokuwa wazi ilitoka televisheni kubwa nyeusi. Ilielea kidogo, ikageuka, ikazama.

Mtu alikuwa akipenya katikati ya watu, akimtafuta fundi. Alikuwa Mama Misumari. Alikuwa peku, na nguo zake zilijaa vumbi. Fundi Picha alisimama na kujiandaa.

"Mama, televisheni yako," alianza.

"Nimeiona." Alipumua kwa nguvu. Alimtazama Bibi, akamtazama mke wa fundi, kana kwamba anawahesabu. "Na mimi nimeacha duka wazi. Misumari yote." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe ile karatasi nisaini."

Mke wa fundi alitoa kitabu cha risiti mfukoni. Mama Misumari alikiweka gotini akaandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja. Kisha akaketi kando ya Bibi na kulia.

Hawakushuka mpaka alasiri, Bi Mita alipopanda na kipaza sauti kuwaambia kwamba sasa bandari imethibitisha ni salama. Barabara ya pili ilipoteza milango, mashine na magodoro mengi. Watu wake walihesabiwa nyumba kwa nyumba. Hakupungua hata mmoja.

Duka limefunguliwa tena. Ukutani kuna alama ya tope, juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Fundi Picha amepaka rangi kuta zote, lakini alama ile hakuigusa. Mteja mpya akikataa kusaini, haonyeshwi kitu kingine, huonyeshwa alama ile tu, halafu anapewa kalamu.

Kiti cha Bibi kilipatikana mtaa wa tatu, kimekwama juu ya uzio. Sasa kiko mlangoni tena, naye yuko juu yake, akimsalimu kila anayepita. Maswali yake yameongezeka moja. Anataka kujua ni dakika ngapi kutoka nyumbani kwako hadi kwenye tangi. Ukimjibu kwa kukisia, anakurudisha ukapime.