Simu Iliyogoma Rongo

Probox nyeupe ilikata kona ya Kamagambo kwa magurudumu mawili.

Land Cruiser ya kijivu ilikuwa nyuma yake, na haikupunguza mwendo.

"Anakimbilia Homa Bay," Mwikwabe alisema, macho yake hayatoki barabarani.

"Hafiki," Zilpah alijibu. "Tazama anavyokanyaga breki. Kama mtu anayeua siafu."

Zilpah Mirumbe, jasusi wa Kitengo, alikuwa na Glock kiunoni lakini hakuigusa. Kulikuwa na watu wa aina mbili aliowadharau kuliko wote: wanaouza sumu na wanaoendesha gari vibaya. Dishon, dereva wa ile Probox, alikuwa wa aina zote mbili.

Redio ilikoroma.

"Kituo kwa Korongo."

"Korongo hapa."

"Kwale hajarudi kutoka kisiwani. Ujumbe wake wa mwisho una neno moja. Wamenijua. Umenipata?"

"Nimekupata."

Zilpah alirudisha redio mahali pake taratibu mno. Kwale alikuwa Caren, mama anayenunua samaki Mfangano na kuwauza Rongo. Ndiye aliyeona mitungi ya zebaki ikipakiwa kisiwani, ile zebaki inayoletwa kwa magendo hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, ikaoshewa mchanga, ikamwagwa mtoni, mto ambamo watoto huchota maji ya kunywa. Caren hakuwa jasusi. Zilpah ndiye aliyemshawishi. Alimwahidi: likiharibika, nitakuja mwenyewe.

Sasa lilikuwa limeharibika.

Mbele yao trekta la miwa lilijitokeza shambani. Probox ikalikwepa, ikaruka mtaro, ikazama kwenye miwa hadi milangoni.

Mwikwabe alifunga breki. Zilpah alikuwa amesharuka.

Dishon hakukimbia. Alikuwa ameketi nyuma ya usukani, paji la uso linavuja damu, vidole vyake vikicheza kwenye simu. Zilpah alimwona kupitia kioo kilichopasuka. Alifungua mipangilio. Akagusa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaizima simu na kuiwasha tena, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni chai.

"Karibu, nyar Kuria," alisema. Binti wa Wakuria. "Chukua. Ni yako."

Nembo ya kijani ikawaka kwenye kioo cha simu. Simu ikatetemeka. Ikawa giza.

Nembo tena. Tetemeko. Giza.

"Umefanya nini?"

"Mimi? Nimebadilisha kitu kidogo tu." Alicheka, meno yana damu. "Imekufa, madam. Hata fundi wa Nairobi hawezi."

Mwikwabe alimtoa kwa kola na kumfunga pingu kwenye mlango wa Land Cruiser.

"Mwanamume mzima," Mwikwabe alisema. "Wenzako wanachomoa bunduki. Wewe unachezea simu kama mtoto aliyenyimwa katuni."

Dishon aliumia. Ilionekana. Na kama watu wote wenye majivuno na akili haba, alijitetea kwa kuropoka.

"Omera, ndugu yangu, hamjui kitu. Bila picha yangu kutoka ufuoni, boti haisogei nchi kavu. Ikifika saa sita bosi hajaiona picha, basi. Yule mama wenu haogelei. Na jiwe pia haliogelei."

Zilpah alimwinamia.

"Ufuo gani?" Zilpah aliuliza.

"Uliza simu."

Zilpah alimtazama kama mtu anavyotazama tope kwenye kiatu kipya. Kisha akaweka simu juu ya boneti, akachomeka pawabenki, akampigia mtaalamu wa Kitengo.

Byron alipokea akitafuna.

"Inafika kwenye nembo halafu inazima," Zilpah alisema. "Inarudia. Ameibadilisha mipangilio."

"Aaah, hiyo ni kazi ya dakika moja. Shika kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti. Menyu ikija, chagua kufuta data yote. Itawaka."

"Itawaka ikiwa na nini ndani?"

"Ikiwa mpya kabisa! Kama imetoka dukani."

"Byron, mimi sinunui simu. Natafuta mtu."

"Basi toa laini yake, weka kwenye simu nyingine."

"Hawatumii laini. Wana programu yao ya ujumbe, na iko humu tu."

"Dada yangu, mimi nina digrii ya—"

Zilpah alikata.

Dishon alikuwa akisikiliza huku ameinamisha kichwa upande. "Lakini fundi wenu amesema ukweli. Futa. Mimi mwenyewe nitakushikia vitufe."

Hapo ndipo Zilpah alipotulia.

Kama mhalifu anakuomba ufute, basi kila kitu bado kimo. Simu haikuwa imekufa. Simu iliyokufa haionyeshi nembo, haitetemeki. Hii ilikuwa inaamka vizuri kila mara, halafu kitu fulani ndani kinaiziba pumzi. Dishon hakufuta kitu. Hakuwa na muda. Alikuwa amechagua tu.

Alianza na kinachowezekana bila kuharibu. Vitufe viwili. Menyu ya maandishi madogo ikaja. Akapita mstari wa kufuta data kama anayepita karibu na nyoka, akachagua kusafisha kumbukumbu ya muda tu. Akawasha.

Nembo. Tetemeko. Giza.

"Pole, madam," Dishon alisema.

Simu ilikuwa imepata moto kama kiazi cha jivuni. Chaji ilikuwa inaliwa na kule kujiwasha haraka kuliko pawabenki ilivyoijaza.

Kama kinachoiua kimeletwa kutoka nje, basi iamke bila vitu vya nje. Akaiwasha, nembo ilipotokea akabonyeza kitufe cha kupunguza sauti.

Giza. Alikuwa ameharakisha.

Mara ya pili alisubiri nembo ikolee. Akabonyeza. Akashikilia. Kidole kilikuwa cheupe.

Simu haikutetemeka.

Kioo kikafunguka, na chini kwenye pembe, kwa herufi ndogo: Hali salama.

Dishon aliacha kucheka.

Zilpah alisubiri simu iulize namba ya siri. Haikuuliza. Alitelezesha kidole, nayo ikajifungua yote, kama mlango wa kibanda kisicho na komeo.

"We! Hata namba ya siri huna?"

Dishon alitazama miwa. "Bosi wetu, Nicanor, hataki. Anataka kupekua simu zetu saa yoyote."

"Ebo!" Mwikwabe alipiga boneti kwa kiganja. "Tajiri mwenye boti na mitungi ya mamilioni, anaogopa watu wake kuliko polisi!"

Zilpah hakucheka. Alikuwa kwenye mipangilio. Katika hali salama programu zote za kupakuliwa zilikuwa zimelala, hata ile ya ujumbe, hata ile muuaji. Akafungua sehemu ya ukurasa wa mwanzo. Na hapo ikaonekana ilivyokuwa: simu ilikuwa imeamriwa kwamba kila inapoamka ikabidhi kioo chote kwa programu moja yenye sura ya saa ya mkononi, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuanguka. Ikianguka, simu inaanguka nayo.

Ujanja wa bei rahisi. Hata uhalifu, walishindwa kuufanya kwa heshima.

Akarudisha ukurasa wa mwanzo wa kawaida. Akaondoa ile saa bandia. Akazima. Akawasha.

Nembo ya kijani.

Mwikwabe aliinamia boneti.

Simu ikaamka. Juu ya kioo, mwanamume mnene ndani ya suti alikuwa amesimama mkono kiunoni, anatabasamu.

"Huyo ni nani?"

"Nicanor," Dishon alisema kwa sauti ya chini. "Wote tumeambiwa tumweke."

Programu ya ujumbe ikaanza kulia. Jumbe tatu za sauti.

"Dishon. Tumetoka Mfangano. Mali iko chini, juu tumeweka omena, tuonekane wavuvi. Ule ufuo wa mawe, nyuma ya kilima cha Asego. Nataka picha ndio nisogee."

"Dishon, uko wapi wewe?"

"Mjinga wewe. Saa sita ikigonga bila picha, huyu mama ataonja maji."

Nyuma ya sauti yake, mbali, mwanamke alikuwa akikohoa.

Zilpah alipandisha jumbe za zamani aone Dishon huandikaje. Kila moja ilianza kwa maneno yaleyale. Alivuta pumzi, akaandika kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu:

Bosi wangu mpendwa, mtandao ulipotea. Nakuja.

Jibu lilikuja papo hapo. Mtandao ni kama wewe. Hauna faida.

"Endesha," Zilpah alisema. Walimwacha Dishon kwa polisi wa Rongo, wakashika njia ya Homa Bay.

Ufuo wa mawe ulikuwa umelala. Boti zimevutwa juu, taa za kuvulia zimening'inizwa bila kazi, wavuvi wawili wanacheza bao la ajua kwenye kivuli cha tanga. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu omena, hao dagaa wa ziwa, hawafuati taa. Watu wa omena hulala, hushona nyavu, hugombana na wake zao. Mvuvi yeyote wa ziwa hili anajua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Nicanor hakujua. Omena alikuwa amemwona sahanini tu.

Zilpah alipiga picha ya maji na mawe, akaituma. Bosi wangu mpendwa, nimefika.

Gari liko wapi?

Limebaki juu, bosi. Njia mbaya.

Basi utabeba mitungi kwa kichwa chako.

Alivua koti, akajifunga leso, akaazima karai kwa mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena kavu juani. Glock na simu ya Dishon vikaingia kwenye karai, juu yake kitambaa. Akasema redioni:

"Korongo kwa Mwikwabe. Nafasi yako?"

"Nyuma ya boti ya bluu. Vijana wa doria ya ziwa wako kwenye mafunjo."

"Hakuna anayesogea mpaka niuone mkono wa Caren."

Boti ikatokea, Yamaha inanguruma, taa nne zinawaka mchana kweupe, na katikati lundo la omena linalometameta kama fedha.

Mama mwenye karai aliinua kichwa. Jina lake lilikuwa Phelesia, na sauti yake ilifika upande wa pili wa ghuba.

"Hee! Na hawa wametoka kuvua wapi, na ule mwezi wa jana?"

Wanawake wengine wakainuka. Hakuna kinachokusanya watu ufuoni kama mjinga anayekuja kwa boti. Kufikia boti ilipogusa mawe, walikuwa wameizunguka, na Zilpah alikuwa katikati yao.

Nicanor alishuka kwa viatu vyeupe. Nyuma yake, mwisho wa boti, kijeba mmoja, mlinzi wake, alikuwa amekalia turubai, mkononi ana kamba iliyofungwa jiwe.

Turubai lilikuwa linapumua.

"Ondokeni!" Nicanor alifoka. "Omena hii imeshanunuliwa."

Phelesia hakumsikiliza. Alichota mmoja, akamtafuna, akatema majini.

"Uwi! Hii ni kavu! Imelowekwa! Omena gani anakauka halafu anarudi kuoga?"

Ufuo mzima ulipasuka kwa kicheko. Wacheza ajua waliacha mchezo. Mzee mmoja alimuuliza Nicanor kama kesho atavua sukari. Nicanor, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumcheka mbele ya watu wake, alivimba shingo, akatoa simu, akapiga.

"Dishon, mbwa wewe, uko wapi?"

Simu ililia ndani ya karai.

Hatua mbili kutoka kwake.

Nicanor aligeuka. Alimwona mwanamke mwenye leso akifunua kitambaa, akichukua simu kwa mkono wa kushoto, na kitu cheusi kwa mkono wa kulia.

"Bosi wangu mpendwa," Zilpah alisema simuni. "Piga magoti."

Kijeba aliinua jiwe. Turubai likafunguka kwa teke kutoka ndani, mkono wenye alama za kamba ukachomoza, ukamshika mguu.

Glock ililia mara moja. Mfuniko wa Yamaha uliruka vipande. Kijeba aliangusha jiwe kwenye unyayo wake mwenyewe, akapiga yowe, na kabla hajamaliza, Mwikwabe alikuwa juu yake. Vijana wa doria walitoka kwenye mafunjo, maji kiunoni.

Chini ya omena walikuta mitungi. Chini ya turubai walimkuta Caren, uso umevimba, magamba kwenye nywele, na hasira ya kutosha watu kumi.

Zilpah aliingia majini na viatu. Alimkatia kamba.

"Umechelewa," Caren alisema, sauti imekauka.

"Simu iligoma."

"Simu!" Caren alimwegemea, akalia begani mwake kidogo tu, kisha akajipangusa kwa kiganja. "Mwanangu nani amemchukua shuleni?"

"Yuko na mtu wetu. Anakula chapati."

Alimvalisha koti lake. Wakapanda mawe polepole, Caren akiegemea mkono wake.

Nicanor alikuwa amepiga magoti kwenye omena yake iliyolowa, pingu mgongoni. "Dishon aliniambia ile simu ikiguswa inakufa! Imefufukaje?"

Zilpah hakusimama.

"Madam! Tuongee! Wewe, unajua mimi ni nani?"

"Mwikwabe," alisema bila kugeuka, "msaidie huyo mzee. Amesahau jina lake."

Akamfungulia Caren mlango, akaketi kwenye usukani mwenyewe, akawasha gari.