Mhandisi wa Beseni

Shwaa, shwaa, shwaa! Mlio ulizishinda kelele zote za uwanja wa Nanenane, Morogoro, mwaka 1996. Hidaya, mkunga wa zahanati ya Mkuyuni, aliufuata, khanga mpya begani, hadi banda la chuo. Kijana wa tai nyekundu, Thobias, alikuwa ametumbukiza mkono kwenye beseni la maji, kando ya mashine iliyotoa mlio ule.

"Ni damu yangu hiyo," Thobias alijigamba. "Profesa Severini ametengeneza kihisio kidogo kama punje ya mchele. Kinatuma sauti mwilini, mwangwi ukirudi tunapata picha."

"Mbona damu imeanza kukimbia?"

"Wewe ndiye unayeikimbiza, mrembo."

Tangu hapo, kila Jumamosi Hidaya alishuka mjini akampigia Thobias simu kutoka posta. "Haloo, mhandisi wa beseni!"

"Nipo, malkia wa Mkuyuni."

Oktoba Thobias alipeleka mashine Mkuyuni. Mbele ya wajawazito waliojaa benchi, alimwekea mmoja wao, Mwanvita, kihisio tumboni. Skrini ikabaki nyeusi.

"Huyu mtoto hayuko hai," akatamka.

Mwanvita akapiga yowe. Hidaya, aliyekuwa ameyasikia mapigo ya moyo wa mtoto muda mfupi tu uliopita kwa pembe yake ya mbao, akagusa tumbo. Kavu.

"Jeli umepaka?"

Hakupaka. Kwenye beseni maji yalipitisha sauti. Hapa hewa iliizuia. Hidaya akapaka, na moyo mdogo ukaonekana ukidunda.

"Mashine ina hitilafu," alisema Thobias.

"Mashine, au wewe?"

"Mkunga wa kijijini ndiye anifundishe kazi?" Akafungasha, akaondoka.

Chuoni aliandika uongo uleule. Wiki mbili akamtazama mzee Severini, miwani puani, akifungua vihisio kimoja kimoja, akitafuta kosa lisilokuwapo. Aibu ikamshinda.

"Shikamoo, Profesa. Mashine ni nzima. Mbovu ni mimi."

"Marahaba. Mimi umeniambia. Yule mama je?"

Siku ya kliniki Thobias alifika Mkuyuni bila tai. Alisimama mbele ya Mwanvita, macho chini.

"Dada, nilikutoa machozi bure. Nilisahau jeli, kisha nikaisingizia mashine. Nisamehe."

Mwanvita alipapasa tumbo lake. "Mwanangu anacheza. Mimi nimeshapoa. Mwombe na huyu."

Hidaya alikuwa mlangoni, pembe mkononi. "Mkunga wa kijijini yupo."

"Namwonea haya kuliko wote." Thobias akapaza sauti, benchi zima lisikie. "Hidaya, naahidi mbele ya akina mama hawa: sitasema neno juu ya mtoto yeyote kabla sijakuuliza umesikia nini. Na ukikubali nikuoe, kosa langu sitakuficha hata siku moja."