Mtungi wa Mama Mkwe

Fakihi wa Chilangala ni rafiki yangu, lakini kwa hili sijamsamehe. Enzi za Mwingereza alitaka redio yake itoe sauti nzito bila gharama. Akaenda kaburini kwa mama mkwe wake, akatwaa mtungi tuliomwekea marehemu kwa desturi yetu, baada ya kuutoboa kitako usitumike tena. Akapachika spika mdomoni mwa mtungi.

“Umekosa mitungi yote?” mkewe, Bimdogo, alifoka. “Rudisha mtungi wa mama!”

“Tundu ndilo linalonogesha,” alijibu, akaongeza sauti.

Giza lilipoingia, muziki ulikatika. Mtungini mkasikika maji yakimiminwa. Fakihi akachomoa waya, mlio ukaendelea. Akang'oa spika kwa hasira.

Maji yalikuwa yamejaa pomoni, na kwenye tundu la kitako halikudondoka hata tone.