Dumu la Kinyozi

Walikutana sokoni, kwenye duka la vitambaa lililofurika watu hadi mlangoni. Fundi cherehani alikuwa anavuta jora la satini ya rangi ya krimu. Kijana mmoja, kinyozi, shati jeupe limenyooshwa vizuri kwa pasi, akainama kumshikia upande wa pili usiburute chini. Alipoinuka uso ulikuwa umempauka, jasho linamtiririka, viganja vimeroa chepechepe.

"Samahani, dada," akasema akihema. "Moyo unanienda mbio. Sijui umenifanya nini."

Jamani! Nani asingeyeyuka? Wanaume wengine wanakutongoza huku wanachati na mwingine, na huyu anatetemeka mwili mzima! Fundi akampa namba ya simu papo hapo.

Mapenzi yalipokolea, akagundua kwamba bwana huyu anatetemeka hata akiinama kufunga kamba za viatu. Kichwa kinamgonga, jasho, moyo mbio, kisha linapita. Presha yake ilikuwa juu, kijana mbichi kama yule, na dawa za aina tatu hazikuishusha. Mama yake akasema apunguze mawazo. Shangazi akasema ni chumvi. Fundi ndiye aliyemburuta kwa daktari.

"Presha ya namna hii tuitafute inakotoka," daktari akasema. "Huenda tezi iliyokaa juu ya figo ina kivimbe kinachomwaga homoni. Chukua dumu hili. Kuanzia kesho asubuhi hadi keshokutwa asubuhi, mkojo wote uingie humu. Wote."

Majibu yakarudi safi. Daktari akamuuliza kinyozi kwa upole kama dawa anazimeza kweli. Fundi hakuwa na upole.

"Unazitupa!" akafoka, hata hawajafika getini.

"Sizitupi, mpenzi."

"Basi presha inatoka wapi? Inaanguka na mvua?"

"Tuachane na hayo."

"Tuachane na mengi! Mimi nisikushonee suti ya harusi leo, kesho nikakushonea sanda. Nimechoka!"

Simu zake akawa hapokei. Usiku analia, mchana anashona, na mishono inakwenda upande. Mpaka adhuhuri moja, pini zimejaa mdomoni, akapokea simu bila kuangalia ni nani.

"Usikate, mama. Lile dumu..."

"Limefanyaje?"

"Sikwenda nalo kazini. Nilitumia choo kama kawaida. Asubuhi nikaona liko robo tu, nikajua nesi atanigombeza. Nikalijaza maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

"Ya bomba!" Pini zikamwagika sakafuni. "Mtu anatafuta ugonjwa wako, unampelekea maji ya bomba?"

"Nipite na dumu la mkojo mbele ya wateja? Nani atanipa kichwa chake tena? Halafu nikawaza, wakikitoa hicho kivimbe, moyo ukaacha kudunda, itakuwaje nikikuona nisihisi kitu?"

"Kwa hiyo mimi ni kivimbe?"

"Sijasema..."

"Nyamaza! Fuata dumu jipya. Siku ya kupima, niko dukani kwako."

Akaja kweli, na dumu likaingia ndani ya mfuko wa satini ya krimu alioushona mwenyewe, una marinda na utepe. Akakaa kwenye kiti cha wateja akipinda sketi ya mtu. Kila mara kinyozi alipojaribu kunyemelea chooni mikono mitupu, yeye anakohoa.

"Shemeji," mteja mmoja akauliza, "mfuko mzuri hivyo una nini?"

"Mkojo wake. Inua kidevu unyolewe."

Mteja alicheka mpaka wembe ukasubiri. Alipomaliza kucheka na kuambiwa ni kipimo cha presha, akauliza kwa sauti ya chini huyo daktari anapatikana wapi, maana na yake imekataa kushuka.

Safari hii homoni zilionekana zimepita kiasi, na picha ikakionyesha kivimbe pale pale daktari alipokishuku. Wakamwandaa kwa dawa, wakampasua, wakakitoa.

Fundi alimkuta ameketi kitandani, kipimo cha presha kimetoka kufunguliwa mkononi mwake. Fundi mwenyewe alikuwa amevaa gauni la buluu lililomkaa sawasawa, lakini nani wa kuliangalia? Akamshika mkono. Mkavu. Akagusa kifundo, mapigo yanatembea taratibu. Moyo wake yeye ndio uliokuwa unakimbia.

"Viganja vyako vimeroa," kinyozi akasema.

"Joto. Wewe unasikiaje?"

"Moyo kimya kabisa."

Fundi akageuza uso dirishani. Kumbe ndiye aliyemburuta hospitali, akajiondolea mpenzi kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi sawa," akasema. "Muhimu umepona."

"Wewe nawe! Subiri nimalize. Moyo umetulia, sina tena pa kusingizia. Sasa ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu. Nataka nikuoe."

"Yaani ulishindwa kuanzia hapo? Mpaka unitoe machozi?"

"Nijibu basi, mpenzi."

"Nilishakujibu siku ile ya dumu!" Fundi akafuta macho kwa kiganja chake kilicholoa. "Ile satini niliiweka ya gauni langu la harusi. Unadhani naikata kwa ajili ya mkojo wa kila mtu?"